Vidole vilivyogandishwa na baridi: vinaonekana vimepona, mbona haviwezi kufunga kifungo?

#1 Mkesha Ghalani

Habari za leo wanajukwaa. Miezi 14 iliyopita baridi ilinigandisha vidole vitatu vya mkono wa kulia, yaani cha shahada, cha kati na cha pete, nikiwa ndani ya chumba cha kuhifadhia bidhaa ambamo joto huwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Glavu zangu zilikuwa zimelowa tangu nilipoingia, mlango ukakwama, na kwa takriban dakika 40 nilikuwa nikiuvuta ule mpini wa chuma. Mwanzoni vidole viliuma sana, kisha maumivu yakakoma, nami nikashukuru nikidhani vimezoea. Nilipotoka vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa, na nilipovigonganisha vilitoa mlio.

Malengelenge yalitoka siku iliyofuata, ngozi ikawa nyeusi, ikabanduka, kucha zikaota upya. Hakuna kilichokatwa. Daktari alisema nimepona, na yeyote akiutazama mkono wangu leo atakubaliana naye. Lakini kila asubuhi kifungo cha kola huniponyoka mara tano au sita. Najua nimekishika kwa sababu nakiona kwenye kioo. Nikifumba macho sijui kama kilichomo kati ya vidole ni kifungo au ni hewa. Tena upepo mdogo tu, ule ambao wenzangu huusifu, huniuma hadi kwenye kifundo cha mkono.

Naomba kuuliza: tatizo hili ni la mishipa ya fahamu, la mishipa ya damu, au ni la viungo vyenyewe? Je, baada ya muda huu bado kuna kinachoweza kurudi, au niache kusubiri nijifunze kuutumia mkono kama ulivyo?

#2 Kereng'ende

Pole sana ndugu. Mimi ni mwaka wa tatu sasa, na mimi sikuingia kwenye baridi, baridi ndiyo iliyonifuata. Vali ya mtungi wa gesi ilivuja nikaiziba kwa mkono. Gesi ya propani ikitoka kwenye mtungi huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo sekunde chache zilitosha kugandisha kiganja na vidole viwili.

Jibu langu ni mishipa ya fahamu, wala sina shaka. Ganzi unayoisimulia na maumivu ya kuchoma huonekana kama vitu viwili vinavyopingana, kumbe ni watoto wa mama mmoja: neva inayoleta habari za mguso imekufa, na ile inayoleta habari za baridi imejeruhiwa na sasa inapiga kelele bila sababu. Shuka likigusa kidole changu usiku, nahisi kama limetiwa pilipili. Neva ikishakufa hairudi. Mimi nimekubali hivyo.

#3 Mpanda Miamba

Nakubaliana na Kereng'ende nusu tu. Watu wengi hudhani barafu ndiyo inayomaliza kazi yote, lakini sehemu kubwa ya madhara hutokea barafu inapoyeyuka. Kidole kinapoganda, chembe za barafu hujengeka kati ya seli na kuzinyonya maji hadi zinasinyaa. Kikiyeyuka, damu inarudi kwa nguvu katika vishipa vidogo ambavyo utando wake wa ndani umechubuka, inaganda humo humo, na nyama iliyonusurika kwenye barafu inakufa kwa kukosa damu. Mishipa iliyopitia hayo haisahau. Ikiguswa na ubaridi kidogo inajibana kupita kiasi, na kidole kilichonyimwa damu lazima kiume.

Nilijeruhiwa vidole vinne mlimani miaka tisa iliyopita. Hadi leo, nikishika chupa iliyotoka kwenye jokofu, kidole cha pete hugeuka cheupe kuanzia kwenye pingili ya kati, kisha cha buluu, kisha chekundu, na ni kwenye wekundu ndipo kinapopiga kama ngoma. Hiyo ni mishipa ya damu. Mkesha, je, vyako vinabadilika rangi?

#4 Mwanagenzi

Nimesoma kwa makini. Mzee mmoja aliyefanya kazi baharini katika nchi za kaskazini alinieleza kwamba dawa ya vidole vya namna hii ni kuvisugua kwa theluji au kwa barafu kidogo kidogo kila siku, ili vizoee, na mtu akigandishwa asitumie joto kabisa kwa sababu joto huvioza. Huenda ikamsaidia mwenzetu.

#5 Tabibu Msomaji

Mwanagenzi, naomba nikusahihishe kwa heshima, kwa kuwa ushauri huu umewagharimu watu vidole kwa zaidi ya miaka mia moja. Chimbuko lake ni Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, ambaye mwaka 1812 katika kurudi nyuma kutoka Urusi aliwaona askari wakiota mikono kwenye moto usiku, ikiungua bila wao kuhisi, kisha ikiganda tena katika mwendo wa kesho yake. Alichokiona kilikuwa kweli, lakini alihitimisha kwamba joto lenyewe ndilo adui, akapendekeza kusugua kwa theluji. Ilichukua hadi katikati ya karne ya 20, hasa kwa kazi ya daktari William Mills kule Alaska, kwa ushauri huo kuachwa.

Kinachofanyika leo ni kuzamisha mkono katika maji ya nyuzi 37 hadi 39, si zaidi, yakiendelea kuongezwa joto yanapopoa, mpaka ngozi ilainike na kuwa nyekundu au ya zambarau. Kwa kawaida ni nusu saa hivi, na inauma mno, kwa hiyo hutolewa dawa ya maumivu. Hakuna kusugua, kwa sababu ni kama kusaga chembe za barafu ndani ya nyama. Na kama mtu bado yuko mahali ambapo vidole vinaweza kuganda tena, ni afadhali visiyeyushwe mpaka afike salama, maana kuyeyuka na kuganda mara ya pili ndiko kunakoharibu zaidi.

Kwa Kereng'ende pia nina neno. Si kweli kwamba neva ikishaumia ndiyo basi. Uzi wa neva uliokatika huku ala yake ikiwa nzima huota upya, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Tatizo ni kwamba si nyuzi zote zinazofika zinakokwenda, na baadhi huunganika pasipo pake.

#6 Mwanagenzi

Asante Tabibu, nimeelewa. Nafuta nilichosema.

#7 Mshona Mashati

Nimesoma habari ya kifungo nikaona sina budi kuandika, kwa sababu vifungo ndivyo vinavyonilisha.

Nilipoteza ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kuanzia chini kidogo ya kucha, na ncha za vidole viwili vinavyofuata zimebaki bila hisia kamili. Kwa miezi minane nilijilazimisha kushika sindano kama zamani, kati ya gumba na shahada. Nilikuwa nikitokwa na jasho, uzi ukiponyoka, nikilia. Siku moja nilikuwa nikizungumza na mteja huku mikono ikifanya kazi, nikatazama chini, nikakuta sindano iko kati ya gumba na kidole cha kati, na kile cha shahada kimesimama pembeni kimenyooka kama mgeni asiyejua akae wapi. Mkono ulikuwa umeamua wenyewe bila kuniuliza. Tangu siku ile niliacha kupigana nao.

Kwa hiyo Mkesha, jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba usisubiri. Kifungo usikifunge kwa ncha za vidole. Kiweke juu ya ubavu wa kidole cha shahada, karibu na pingili ya kati ambako hisia bado ipo, kisha kisukume kwa gumba kama anayegeuza ufunguo. Tundu livute kwa mkono wa kushoto lije kwenye kifungo, wala si kifungo kukimbilia tundu. Anza na kifungo cha chini, ambako macho yanafika, upande juu. Vifungo vyenye shina, vile vilivyoinuka kidogo kutoka kwenye kitambaa, ni rahisi zaidi kuliko vilivyolala. Mshonaji yeyote anaweza kukuzungushia uzi chini ya kifungo mara nne au tano kikainuka. Ipo pia ndoano ya waya yenye mpini mnene, unaipitisha kwenye tundu, inakamata kifungo, unavuta. Mimi huwatengenezea wateja wenye mikono migumu, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

#8 Mshika Kiganja

Ninafanya kazi ya tiba kwa vitendo, upande wa mikono, na nimefurahi sana kumsoma Mshona Mashati, ingawa kuna jambo ambalo sitakubaliana naye.

Kidole cha shahada kilichosimama pembeni tunakiona mara kwa mara. Ubongo ukipata habari mbovu kutoka kwenye ncha moja, unaikwepa na kuhamishia kazi kwa jirani. Kwa kidole kilichopoteza ncha na chenye maumivu, kuukubali uamuzi huo mara nyingi ni busara. Lakini kwa kidole ambacho kipo kizima na hisia zake zinarejea polepole, kama cha Mkesha, kukikwepa kunakinyima mazoezi ambayo ndiyo yangekirudisha. Kidole kisichotumika hukakamaa, na kiungo kilichokakamaa ni kigumu kukifungua kuliko ganzi yenyewe.

Ninachowapa watu wa aina yake ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya kano: mkono uwe wazi, kisha vidole vikunjwe ndoano huku vifundo vya chini vimenyooka, kisha vifundo vya chini vikunjwe peke yake ili mkono ufanane na ukingo wa meza, kisha ngumi kamili, kisha wazi tena. Polepole, mikono ikiwa imepashwa moto kwanza. Ya pili ni ya hisia: bakuli la mchanga mkavu, ndani yake kifungo, sarafu, ufunguo na skrubu. Gusa kila kimoja ukikitazama, kisha fumba macho ukiguse tena huku ukijieleza kwa sauti unachohisi, ukingo, baridi, mikwaruzo, uzito. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, zinafaa kuliko saa nzima mara moja. Wanaofundishwa upya ni wawili, kidole na ubongo wenye ramani ya kidole.

Ukitaka kujua ulipo, kunjua kibanio cha karatasi, ncha zake mbili zitenganishwe, ukimwomba mtu akuguse nazo taratibu huku umefumba macho. Ncha ya kidole kizima hutambua kwamba ni mbili hata zikiwa zimeachana kwa milimita 5 au 6 tu. Pima kila mwezi, uandike.

#9 Mshona Mashati

Mwalimu, nashukuru. Lakini wewe unazungumzia dakika kumi za mchanga, nami nazungumzia shati linalotakiwa saa mbili asubuhi. Mtu anaweza kuchezea mchanga jioni na bado akahitaji kufunga kola kabla ya kutoka nyumbani.

#10 Mshika Kiganja

Hapo umenishinda. Afanye yote mawili.

#11 Mzazi wa Pacha

Naomba kuleta habari ya mtoto, kwa kuwa sijaona aliyeigusa. Mwanangu aligandishwa vidole vya mkono mmoja akiwa na miaka mitano. Alipona haraka, haraka kuliko mtu mzima, tukasahau. Alipofika miaka tisa tukaanza kuona kwamba pingili za mwisho za vidole vinne ni fupi kuliko za mkono wa pili, na kidole cha mwisho kinapinda upande. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba sehemu za mfupa zinazokua, zile zilizo karibu na kiungo, zilikuwa zimekwisha kufunga kabla ya wakati. Tulielezwa kwamba seli za hapo ni dhaifu sana mbele ya baridi kali.

Kidole gumba kilikuwa salama kabisa. Daktari alituambia ndivyo ilivyo mara nyingi, kwa sababu mtoto akihisi baridi hukunja ngumi na kuficha gumba ndani ya kiganja. Mpaka leo nikimwona amelala na gumba lake ndani ya ngumi, nakumbuka.

Penseli tumeifunga sponji nene, na anaandika vizuri. Wazazi wenzangu, msiridhike na ngozi kupona. Fuatilieni mpaka mtoto amalize kukua.

#12 Fundi Baiskeli

Mzazi wa Pacha amenifungua macho, kwani hata kwa mtu mzima viungo havibaki salama. Mimi muda wote niliambiwa ni neva, nikapewa dawa ya amitriptilini, usiku nikalala vizuri, ila asubuhi vidole vikabaki vigumu kama koleo lenye kutu. Mwaka wa sita ndipo picha ilipoonyesha mashimo madogo kwenye ncha za mifupa na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lililokwisha. Kumbe baridi ilikuwa imeua seli za gegedu tangu siku ile, na uharibifu ulichukua miaka kujitokeza. Mkesha, maumivu yako yako kwenye ngozi au kwenye maungio? Ukibonyeza ubavu wa kiungo cha mwisho, unaruka?

#13 Mpanda Miamba

Naona kila mmoja wetu anamtibu Mkesha ugonjwa wake mwenyewe. Kereng'ende ana neva, Fundi ana gegedu, nami nakiri kwamba nina mishipa ya damu.

Niongeze la nne, ili tusiachie watatu tu. Bonyezeni ncha za vidole vyenu. Zangu zimekonda, ile nyama laini ya mafuta iliyo chini ya ngozi imesinyaa, na mfupa unausikia karibu. Ile nyama ndiyo mto wa kukamatia vitu vidogo, na ndiyo pia blanketi la kidole. Kifungo kinateleza kwa sababu hakuna kinachobonyea ili kukikumbatia, na upepo unaingia kwa sababu hakuna kinachouzuia.

#14 Kidaka Tonge

Samahani kwa kuchelewa kusoma. Nimesikia kuna sindano mpya ya kuzuia vidole visikatwe, iitwayo iloprosti. Je, Mkesha hawezi kuitumia sasa ili kufungua hiyo mishipa ya damu?

#15 Tabibu Msomaji

Dawa ipo, ingawa si mpya sana. Jipya ni kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwezi Februari 2024 mahususi kwa watu wazima walioganda vibaya, ili kupunguza uwezekano wa kukatwa vidole. Hupitishwa kwenye mshipa kwa saa kadhaa kila siku, na kazi yake ni ya siku za mwanzo kabisa, wakati nyama bado inapigania uhai. Waganga wengi huweka mpaka wa saa 72. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo nazo hutumika katika hali mbaya, zina mlango mwembamba zaidi, saa 24 tangu kidole kiyeyuke. Kwa mtu wa miezi 14 milango hiyo imefungwa.

Nataja hili kwa ajili ya wasomaji wengine: atakayegandishwa leo, aende hospitali leo.

Kuhusu kukatwa, upo msemo wa wapasuaji kwamba kidole kikiganda Januari, kikatwe Julai. Maana yake ni subira. Kidole cheusi na kikavu kinaweza kuonekana kimekufa chote, kumbe weusi ni gamba na chini yake kuna uhai. Mpaka kati ya kilicho hai na kilichokufa hujichora wenyewe kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Kikipata usaha au homa ikiingia, hapo hakuna subira.

#16 Kidaka Tonge

Asante sana. Hapo kwenye subira nimemkumbuka yule msafiri Mwingereza, Ranulph Fiennes, aliyeganda vidole vya mkono wa kushoto mwaka 2000 akielekea Ncha ya Kaskazini, akachoshwa na kusubiri, akazikata ncha zilizokufa mwenyewe kwa msumeno mdogo.

#17 Tabibu Msomaji

Ni kweli alifanya hivyo, na asitokee wa kumwiga. Kwa mfano wa maisha baada ya kuganda ningemtaja Mfaransa Maurice Herzog, aliyepoteza glavu zake akishuka mlima Annapurna kule Nepal mwaka 1950, akapoteza vidole vyote vya miguu na vingi vya mikono, kisha akaishi hadi 2012, akiwa amewahi kuwa meya na mjumbe wa serikali. Mtu hutia saini kwa kile alichobakiwa nacho.

#18 Karani wa Zamani

Swali langu ni dogo ila linanisumbua kila siku. Simu yangu haitambui kidole. Nagusa kioo, hakuna kinachotokea, na ile sehemu ya kufungulia kwa alama ya kidole hunikataa kabisa. Kuna aliyepata ufumbuzi?

#19 Kereng'ende

Karani, hapo nina uzoefu. Kioo cha simu hakisikii mbonyezo, kinasikia umeme mdogo unaopita kwenye ngozi yenye unyevu. Ngozi iliyoota juu ya jeraha huwa nene na kavu, umeme haupiti vizuri. Nikilowanisha kidole kidogo au nikipaka losheni, kinasikia. Nikiwa na haraka natumia ubavu wa kidole au kifundo. Kwa alama ya kidole, futa ile ya zamani, kwa sababu mistari ya ngozi mpya si ile ile, kisha sajili gumba la mkono mzima.

Yapo mengine niliyojifunza kwa kuumia. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Niliwahi kuyapima kwa vidole visivyohisi, nikajua ni ya moto nilipoona ngozi imebabuka. Kikombe nakishika kwa viganja viwili. Kwenye zipu nimefunga kitanzi cha kamba, nakivuta kwa kidole kizima badala ya kubana kwa ncha. Kamba za viatu nimeweka za mpira, zinafungwa mara moja tu. Ufunguo nimeuchomeka kwenye kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiberiti, nao sasa unageuzwa kwa kiganja. Kisu nakitumia nikikitazama tangu mwanzo hadi mwisho, wala sizungumzi na mtu.

#20 Mshona Mashati

Kuhusu glavu naomba kusema. Zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja, hutunza joto kuliko zenye vidole vilivyotengana. Mimi huvaa nyembamba ndani na ya mfuko juu, ili nikivua ya juu kushika kitu, ngozi isibaki wazi. Na zikilowa, zibadilishwe pale pale. Mkesha mwenyewe ametuambia zake zililowa.

#21 Fundi Baiskeli

Na sigara. Hakuna aliyeitaja. Nikotini hubana mishipa ya vidole, na mimi nilipoacha, hata koleo langu lenye kutu lilipata mafuta kidogo. Baadhi ya dawa za presha pia hupoza vidole, kwa hiyo muulizeni daktari, msiache kumeza kwa uamuzi wenu.

#22 Mwalimu wa Lugha

Nimefuatilia uzi wote na nina swali la pembeni. Wengine wanaandika "kuungua kwa baridi" na wengine "kugandishwa". Lipi ni sahihi?

#23 Tabibu Msomaji

Yote mawili husikika. Mimi napendelea kugandishwa, kwa sababu mgonjwa akisikia "kuungua" anaweza kwenda kutafuta maji ya baridi, nayo ndiyo yasiyotakiwa.

#24 Mkesha Ghalani

Nawashukuru nyote, na niwieni radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Nilikuwa nafanya mliyoniagiza.

Kwanza kibanio cha karatasi. Mke wangu alinigusa, nami nimefumba macho. Kidole cha mwisho, ambacho hakikuganda, kinatambua ncha mbili zikiachana milimita 4. Cha pete, milimita 8. Cha kati, 9. Cha shahada hakitambui mpaka zifike 13, na mara mbili nilisema "mbili" aliponigusa na moja. Wiki ya tatu cha kati kimefika 8. Vingine viko pale pale.

Pili, Mpanda Miamba aliniuliza rangi. Nilikaa dirishani kwenye upepo, mkono wazi, saa mbele yangu. Maumivu yalianza dakika ya pili. Rangi haikubadilika mpaka dakika ya sita, ambapo ncha ya kidole cha shahada peke yake ilikuwa nyeupe. Niliporudi ndani na kujifunika, wekundu ulikuja bila kupiga kama ngoma. Fundi, nimebonyeza maungio: cha shahada kinauma kwenye kiungo cha mwisho, viwili vingine haviumi.

Kifungo nimekifunga kwa njia ya ubavu wa kidole, na sasa naondoka nyumbani kwa wakati. Jioni najaribu kwa ncha, macho yamefumbwa, kama alivyoagiza Mshika Kiganja. Kifungo cha pili kutoka juu nimekifunga jana mara mbili katika kumi. Cha kola bado.

#25 Kereng'ende

Dakika nne nzima kati ya maumivu na weupe! Kama damu ingekuwa ndiyo chanzo, weupe ungetangulia. Hiyo ni neva.

#26 Mpanda Miamba

Si lazima. Vishipa vya ndani ya kidole vinaweza kujibana kabla ngozi ya juu haijaonyesha lolote. Tena mwili ukiwa na baridi, vidole hunyimwa damu mapema ili kifua kipate joto. Mkesha, ulikuwa umevaa nini siku ile dirishani?

#27 Mkesha Ghalani

Fulana tu.

#28 Tabibu Msomaji

Basi rudia ukiwa umejifunika mwili mzima kwa nguo nzito, mkono pekee ukiwa nje. Iwe upepo huo huo, wala si maji ya barafu, na usipitishe dakika kumi. Weupe ukichelewa zaidi au usipokuja kabisa huku maumivu yakianza dakika ile ile ya pili, Kereng'ende atakuwa na hoja nzito zaidi. Maumivu yakichelewa pamoja nao, Mpanda Miamba ndiye atakayekuwa nayo. Kile kiungo cha shahada kipigwe picha, vyovyote iwavyo.

#29 Mkesha Ghalani

Nitarudia Jumamosi, nimevaa koti. Picha nimepangiwa mwezi ujao.